Nani Awafunzaye Vijana Wetu?

Hotuba ya Kamati ya Malezi, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Mkutano Mkuu uliopita ulituagiza tuchunguze habari ya tabia za vijana wetu, na mafunzo wayapatayo juu ya mwili, ndoa na uzazi, kisha tuje tuseme tuliyoyaona. Kazi hiyo tumeifanya kwa kadiri ya uwezo wetu. Tumezungumza na wazazi, walimu, wauguzi, masheikh na wachungaji, na zaidi ya wote tumezungumza na vijana wenyewe. Twajua kwamba neno hili si jepesi kulisema katika baraza ambamo wakwe na wakaza wana wameketi pamoja. Kwa hivyo twaomba radhi mapema, na twaomba mtusikilize mpaka mwisho ndipo mtuhukumu.

Yatupasa tuanze na kosa letu wenyewe. Katika daftari la mashauri la Chama, mwaka juzi, pana shauri moja lililoandikwa kwa mistari minne. Binti wa miaka 15 alitiwa mimba na mwanamume mtu mzima, mwenye mke na watoto, ajulikanaye na wengi wetu, na aliyepata kuchangia mfuko wa Chama. Wazee wa pande mbili waliketi, na sisi wa Kamati tulikuwapo. Mwanamume alikiri, akatoa fedha za kumtunza mtoto na fedha nyingine za kufuta aibu. Baba wa binti akapokea, dua ikasomwa, chai ikanywewa. Mstari wa mwisho katika daftari wasema: "Shauri limekwisha." Nasi tukaenda zetu tukijiona tumefanya suluhu njema.

Mwaka huu, tulipokuwa tukipita nyumba kwa nyumba kwa kazi mliyotutuma, tulifika katika nyumba ile. Tulimkuta binti amempakata mtoto wake, na vitabu vyake vya shule vimefungwa katika mfuko juu ya kabati. Hakutulaumu. Alitueleza tu kwamba siku ile ya shauri alikuwa chumba cha pili, akisikia sauti zetu tangu mwanzo hata mwisho, akingoja aitwe aulizwe, na hakuna aliyemwita. Akasema pia kwamba kabla ya mambo hayo hapakuwa na mtu mzima hata mmoja aliyepata kumwambia habari za mwili wake, isipokuwa mtu yule yule aliyemdhulumu.

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuiache hotuba tuliyokuwa tumekwisha kuiandika. Hotuba ile ilikuwa ya kuwalaumu vijana. Hii mnayoisikia yauliza swali jingine: nani awafunzaye? Maana kijana hakai bila ya mwalimu. Sisi tukinyamaza, mwingine husema.

MAFUNZO YA ZAMANI

Wako wazee wasemao kwamba kuzungumza na vijana juu ya mambo haya ni desturi ya kigeni. Twawaheshimu, lakini twawaomba wakumbuke. Katika pwani hii, binti aliyevunja ungo alikuwa na somo yake. Somo hakuwa mama mzazi, kwa kuwa mama na binti wana haya baina yao. Alikuwa mwanamke mtu mzima aliyeaminiwa na nyumba ile, na kazi yake ilikuwa kumwambia binti yale yasiyosemwa na mama: hedhi ni kitu gani, usafi wake ni upi, na mke hukaaje na mumewe. Makungwi walifundisha kwa nyimbo na ngoma za unyago, milango imefungwa. Katika vyuo vya Kurani, mwana husoma hukumu za josho na za hedhi, na mwalimu hazipiti kwa kuona haya. Na kadiri ya mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alipokuwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi mzima wa mawaidha juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Hakungoja ulimwengu umfunzie mwanawe.

Hata ndugu zetu waliotoka bara ya mbali walikuwa na yao. Kwa Wajaluo, wasichana walilala katika nyumba ya bibi, iitwayo siwindhe, na usiku bibi akawafunza kwa hadithi na mafumbo. Basi babu zetu na bibi zetu walisema. Walisema mahali pake, kwa wakati wake, na kwa kinywa cha mtu aliyechaguliwa.

Lakini tusiyasifu ya kale kupita kiasi. Mengi katika mafunzo yale yalimwandaa binti kumridhisha mume, wala hayakumfunza kwamba anaweza kukataa. Mvulana aghalabu aliachiwa ajifunze kwa wenzake. Na baadhi ya magonjwa tunayoyaogopa leo hayakujulikana. Kwa hivyo hatusemi kwamba turudishe kila kitu jinsi kilivyokuwa. Twasema turudishe msingi wake, nao ni huu: kila kijana awe na mtu mzima mmoja mwaminifu ambaye aweza kumwuliza jambo lolote, akajibiwa kweli, na siri yake isitoke nje.

JINSI PANDE ZETU ZILIVYOBADILIKA

Huyo mtu mzima amekwenda wapi? Hakufukuzwa na mtu. Alipotea kidogo kidogo, kwa sababu ya jinsi sisi wenyewe tulivyokuja kukaa hapa.

Pande hizi tatu za bara ya Mombasa zimejengwa na watu waliohama. Huko Kisauni, wamishonari wa C.M.S. walianzisha Freretown mwaka 1875 iwe makao ya watu waliokombolewa katika utumwa, watu wa makabila mengi ambao ukoo wao ulikatwa njiani. Likoni ilikuwa nchi ya Wadigo na jamaa zao, lakini tangu feri ilipoanza kuvusha watu mwaka 1937, imekuwa mji wa wanaokwenda kisiwani asubuhi na kurudi usiku. Changamwe ilikua kwa reli, kwa bandari ya Kilindini, na kwa kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa mwaka 1963. Kiwanda hicho kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, lakini watu walioletwa na kazi hawakuondoka.

Mtu aliyekuja kutafuta kazi alikuja peke yake, baadaye akamleta mke. Bibi na shangazi walibaki nyumbani. Nyumba yetu ya kupanga yajulikana: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na kila chumba jamaa moja. Baba, mama na watoto wamegawanyika kwa pazia tu. Mtoto husikia kila kitu na haelezwi kitu. Somo hana, kwa kuwa jirani wa chumba cha pili ni mtu wa kabila jingine na dini nyingine, na mama yake aona haya kumwomba. Mama mwenyewe hutoka alfajiri kwenda kuuza mboga Kongowea au kufanya kazi katika majumba ya watu. Hatumlaumu. Twasema tu kwamba nafasi ya somo imebaki tupu, na nafasi tupu haikosi wa kuikalia.

WALIMU WA LEO

Tuliwauliza vijana: mliyajua wapi mnayoyajua? Majibu yao yalikuwa mengi, lakini twaweza kuyaweka mafungu manne.

Wa kwanza ni wenzao. Mvulana wa maskani huchekwa akisema hajamjua mwanamke, basi husema uongo. Aliye karibu naye husema uongo mkubwa zaidi. Kila mmoja huenda kulala akidhani ni yeye peke yake aliyebaki nyuma. Wavulana kadhaa walitukiri jambo hili wakiwa mmoja mmoja, ambao walipokuwa pamoja walijisifu mbele yetu. Yaani wanaandamana kufuata desturi ambayo wengi wao hawana.

Wa pili ni simu. Simu ina mema yake mengi, na kijana aweza kusoma humo habari za kweli juu ya afya yake. Lakini picha zinazomfikia upesi ni zile zionyeshazo miili bila ya mahaba, bila ya kuulizana, bila ya mimba, bila ya ugonjwa na bila ya kesho. Mtoto wa miaka 12 aliyeziona picha hizo kabla hajaelezwa lolote huzichukua kuwa ndiyo elimu.

Wa tatu ni mtu mzima mwenye fedha. Hapa, wazee wetu, twaomba subira yenu. Tumezoea kusema kwamba wanaowaharibu mabinti wa pwani ni watalii. Mwaka 2006 Serikali ya Kenya pamoja na UNICEF walitoa ripoti juu ya jambo hili katika Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani. Walikadiria kwamba wasichana 10,000 mpaka 15,000 walikuwa wakijiuza kwa nyakati mbalimbali. Walipochunguza walikuwa wakijiuza kwa nani, waliona kwamba Wakenya ndio waliokuwa fungu kubwa kuliko taifa lolote, 38 katika kila mia. Waitaliano walikuwa 18, Wajerumani 14, Waswisi 12. Wageni wana dhambi yao, lakini mtu mmoja aliyekuwa mbele ya wote alikuwa ni sisi.

Na mambo mengine hayahesabiwi kuwa ni kujiuza. Msichana atembeaye kwa miguu kutoka shule hupewa nauli. Mara ya pili hupewa chakula. Mara ya tatu hununuliwa sodo, ambazo mama hakuweza kununua na yeye mwenyewe aliona haya kuomba. Mwaka 2017 Bunge lilibadili sheria ya elimu ili wasichana wa shule wapewe sodo na Serikali bila ya malipo, maana ilijulikana kwamba ukosefu wa kitu kidogo namna hii humwondoa msichana darasani. Mtu ampaye mtoto wa jirani vitu hivi kwa siri hampi sadaka. Amfunza kwamba haja zake zina bei, na kwamba mwenye kulipa ni mwenye kuamuru.

Wa nne ni sisi wenye nyumba. Mvulana humwona baba yake jinsi amtendeavyo mama yake. Husikia mzaha wetu harusini na barazani juu ya wanawake. Huona kwamba binti aliyepata mimba hufichwa na kuacha shule, na mwanamume aliyempa mimba hukaa mbele msikitini au kanisani. Hilo nalo ni somo, na hulishika kuliko yote, kwa kuwa halikuja kwa maneno.

JE, KUFUNDISHA NI KUCHOCHEA?

Wazazi wengi walituambia kwamba wanaogopa. Wanasema mtoto akielezwa atataka kujaribu. Hofu hii ni ya haki, na yafaa ijibiwe kwa ushahidi, wala si kwa dharau.

Mwaka 2018 UNESCO ilitoa mwongozo wake mpya juu ya elimu hii, baada ya kupitia tafiti nyingi za nchi mbalimbali. Haikuonekana kwamba vijana waliofundishwa huanza mapema zaidi au hufanya zaidi. Waliofundishwa vyema hujua zaidi, na pengine huchelewa kuanza. Ujinga haumlindi mtoto. Humwacha tu asijue jina la jambo linalomfika.

Na jambo lenyewe lipo. Ukimwi ulitambuliwa mara ya kwanza katika Kenya mwaka 1984, na ilipofika 1999 ndipo Serikali ilipoutangaza kuwa msiba wa taifa. Miaka 15 ilipita katikati, na katika miaka hiyo wengi wetu tuliwazika jamaa zetu tukisema wamerogwa au wamekufa kwa kifua. Tulilipa haya kwa makaburi. Katika uchunguzi wa afya ya taifa wa mwaka 2014, wasichana 18 katika kila mia, wa miaka 15 mpaka 19, walikuwa wamekwisha kupata mimba. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha 15 katika kila mia. Imepungua, twashukuru. Lakini katika wasichana wa umri huo ambao hawakusoma kabisa walikuwa karibu 4 katika kila 10. Shule ni kinga, na kumtoa msichana shuleni ni kumvua kinga hiyo.

Tena tutaje jambo la karibu nasi. Oktoba 2019, chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi ilipoanzishwa kwa taifa zima, ilizinduliwa papa hapa Mombasa. Walioitwa kuchanjwa walikuwa wasichana wa miaka 10. Katika mitaa yetu uvumi kwamba chanjo hiyo hufunga uzazi ulifika kabla ya muuguzi. Mama waliokuwa hawajapata kuelezwa mlango wa kizazi ni nini wangewezaje kuupinga uvumi huo?

Hata hivyo, haifai tuwadanganye kwamba darasa peke yake latosha. Ndugu zetu wa Tanzania walilijaribu jambo hili kwa uangalifu mkubwa huko Mwanza, katika mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana, ulioanza kazi mwaka 1999. Walichukua jamii 20. Katika 10, walimu walifunzwa kufundisha afya ya uzazi, wanafunzi walichaguliwa kuwaelimisha wenzao, na wauguzi wa zahanati walifunzwa kuwapokea vijana kwa upole. Jamii 10 nyingine ziliachwa kwanza kama zilivyokuwa, ili walinganishe. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walirudi wakawapima vijana zaidi ya 13,000. Waliofundishwa walikuwa wakijua zaidi, hata baada ya miaka hiyo yote. Lakini damu ilipopimwa, virusi vya Ukimwi havikuwa vimepungua kwao kuliko kwa wale wengine.

Watu wangeweza kusema kwamba elimu haina faida. Waliofanya kazi ile hawakusema hivyo. Walisema kwamba kijana alifunzwa darasani, kisha akarudi katika kijiji ambacho desturi zake hazikubadilika, na kwamba yapasa kufanya kazi na jamii nzima. Sisi twalielewa jambo hili upesi, kwa kuwa tumeliona. Tunamfunza binti kukataa, wala hatumfunzi mtu mzima kutomtaka. Tunamwambia mvulana aheshimu, kisha anatuona sisi tukiketi na kuuza heshima ya msichana kwa fedha na chai. Elimu ya vijana yahitaji elimu ya wazee iandamane nayo. Hilo ndilo neno kuu la hotuba hii.

SHERIA ISEMAVYO

Kwa kuwa tumetaja chai ile, hapana budi tuseme sheria isemavyo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 yasema kwamba mtu aliyelala na mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 mpaka 15, kifungo si chini ya miaka 20. Akiwa na miaka 16 mpaka 18, si chini ya miaka 15. Na sheria hiyo hiyo yasema kwamba kuliondoa shauri la namna hii si kazi ya baba, wala ya mzee wa mtaa, wala ya polisi. Uamuzi huo uliwekwa mikononi mwa mkuu wa mashtaka wa Serikali. Basi siku ile sisi tuliketi kuamua jambo ambalo hatukuwa na mamlaka ya kuliamua. Wala ndoa si njia ya kulifunika, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka kila mwenye kuoa au kuolewa awe ametimiza miaka 18.

Wavulana nao hawaijui sheria hii. Kijana wa miaka 19 aliye na mpenzi wa miaka 16 hudhani kwamba ridhaa yao yatosha, mpaka siku anapojikuta mahakamani. Wazazi waliotueleza habari za watoto wao walio kizuizini walilia kuliko wote. Walisema: laiti angeambiwa. Twajiuliza, nani alipaswa kumwambia?

TUNAYOYAOMBA

Bwana Mwenyekiti, baada ya kuyafikiri haya, Kamati yaomba Mkutano ukubali mambo sita.

Kwanza, Chama kisiketi tena kamwe kusuluhisha shauri la mtoto aliyedhulumiwa kwa zinaa. Shauri likiletwa kwetu, kazi yetu iwe moja tu, nayo ni kumpeleka mtoto hospitali, na kisha kwa polisi na kwa ofisi ya watoto. Hospitali itangulie, na iwe siku ile ile, kwa sababu dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari. Namba ya simu ya kuwasaidia watoto ni 116, haina malipo, na twaomba ibandikwe mlangoni pa ofisi ya Chama.

Pili, kila mtaa wenye tawi letu uchague wanawake wawili na wanaume wawili watu wazima, wajulikanao kwa kutunza siri, wawe masomo wa vijana. Wafunzwe na wauguzi wa zahanati zetu juu ya mwili, hedhi, mimba, magonjwa ya zinaa na njia za kujikinga, na masheikh na wachungaji wawaeleze ya dini. Ambalo hawalijui waseme hawalijui, wamwongoze kijana kwa ajuaye.

Tatu, wavulana wasisahauliwe. Wazee wanaume wawachukue wavulana, hata wakiwa wachache wachache, wazungumze nao juu ya balehe, sheria, na jinsi mwanamume amwulizavyo mwanamke na akubalivyo jibu lake. Wasemwe na wanaume wanaojiheshimu nyumbani mwao, maana vijana hutambua.

Nne, binti aliyepata mimba asitolewe shule na wazazi wake wala asikatazwe kurudi. Ruhusa ya kurudi imekuwapo tangu mwaka 1994, na mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 waeleza jinsi ya kumpokea tena. Mfuko wetu wa karo utenge fungu kwa ajili yao, na mama zetu wajitolee kuangalia watoto saa za masomo.

Tano, wazazi wasaidiwe kuanza mazungumzo mapema. Mtoto wa miaka 5 aweza kufunzwa majina ya viungo vyake, na kwamba mtu akimshika asipopenda aseme, hata mtu huyo akiwa jamaa. Msichana aelezwe habari za hedhi kabla haijamjia, na mvulana aelezwe ya kwake kabla hajashtuka usingizini. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Sita, nalo ndilo gumu kuliko yote, fedha alizochangia Chama mtu yule tuliyemtaja mwanzoni arudishiwe zote. Twajua kwamba baadhi yenu ni jamaa zake, na kwamba paa la ofisi hii ameligharimia yeye kwa sehemu. Twaona afadhali tukae chini ya paa linalovuja.

Kabla hatujamaliza, mtapenda kujua habari za binti. Jina lake na mtaa wake hatuvitaji, wala twaomba asiwepo wa kuvitafuta. Kwa ridhaa yake na ya mamaye tulifuatana nao mpaka ofisi ya watoto, na jambo lake sasa liko mikononi mwa sheria. Baba yake alikasirika nasi kwa muda, kisha alituomba tumtafutie nafasi ya shule. Muhula huu amerudi darasani, na mtoto hubaki na nyanya yake. Tulipomwomba msamaha kwa siku ile ya chumba cha pili, alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza kama mdogo wake wa miaka 12 aweza kupata mtu wa kumweleza mambo. Tulimjibu kwamba tutawauliza wazee. Ndiyo maana tumesimama hapa.

Daftari la mashauri tumelileta, liko mezani pa Katibu. Mstari wa nne haufutiki, wala hatutaki ufutwe. Twaomba tu Mkutano uturuhusu tuandike chini yake kwamba shauri halikuwa limekwisha, na kwamba binti hakuulizwa, na tutie sahihi zetu sote tuliokuwapo siku ile.

Makosa katika maneno haya ni yetu, na yaliyo mema ni ya waliotufunza.